Mkono Uliozoea Kuachilia

Fomu ilikuwa na vijisanduku viwili, kimoja kimeandikwa "amefaulu" na kingine "arudie", nami nikatia alama kwenye kile cha amefaulu. Nikaandika jina langu na nambari yangu ya ukufunzi, nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Haikunichukua hata dakika moja. Aliyeketi mbele yangu akijifuta vumbi la Malili usoni kwa leso alikuwa ndugu yangu mkubwa, na nilijua kwamba hajafaulu.

Sikudanganywa wala kulazimishwa. Hakuna aliyenipa chochote. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na kijisanduku cha pili kilikuwa wazi.

Kazi yangu kwa sehemu kubwa ya maisha ilikuwa kufundisha polisi shabaha. Nilipostaafu, mwenye uwanja mmoja wa shabaha wa binafsi pale Malili, ndani kidogo kutoka barabara kuu ya Mombasa, aliniita nimsaidie kufundisha raia wanaoomba leseni ya bastola. Mtu hapewi leseni kabla mkufunzi hajaandika kwamba anaiweza silaha. Walikuja wafanyabiashara, wenye vituo vya mafuta, mawakili, watu waliowahi kuvamiwa na watu walioogopa kuvamiwa. Uwanja wenyewe ulikuwa nyasi kavu, tuta la udongo, ofisi ya mabati na upepo usiokoma.

Wasioijua kazi hii hudhani mkufunzi huangalia karatasi ya shabaha. Mimi nilikuwa naangalia visigino. Mtu anayeliogopa teke la bastola inapolipuka huanza kulikimbia kabla halijaja. Uzito wake wote huhamia kwenye visigino, tumbo linatoka mbele, mabega yanarudi nyuma, na hapo risasi ya kwanza inapita juu na ya pili inapita juu zaidi. Niliwaambia wasimame kama mtu anayesukuma mkokoteni wa mitungi ya maji kupanda mlima. Miguu iachane kiasi cha mabega, wa kulia urudi nyuma hatua ndogo, magoti yalegee, kifua kiegemee mbele. Mkokoteni ukikurudisha nyuma hukimbii, unaongeza kifua. Kisha mikono. Wa kulia ushike juu kabisa ya mpini, wa kushoto ufunike pale palipobaki wazi, vifundo vya mikono viwe vigumu kama kuni. Teke halizuiliki, niliwaambia, mtu asijidanganye. Anayepigana nalo hutetemeka. Anayelipokea na mwili uliopangika husukumwa, halafu anajikuta amerudi pale pale alipokuwa.

Haya nilikuwa nayajua hivyo. Ndiyo sababu siwezi kusema nilikosea kwa kutojua.

Ndugu yangu alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi Mwingi. Alinunua katika minada ya upande wa barabara ya Garissa na kuwapeleka Nairobi kwa lori za kukodi. Mwaka huo alikuwa ameporwa mara mbili, zote mchana, zote kwenye barabara ya vumbi anaporudi kutoka mnadani. Pikipiki ilimpita, ikasimama mbele, vijana wawili wakashuka na bunduki, akawapa mkoba, wakaondoka. Mara ya pili mmoja wao alimpiga kofi. Alikuwa ndani ya pikapu na mke wake. Mkoba aliweza kuusahau. Kofi lile ndilo lililomleta Malili.

"Kijana wa umri wa mjukuu wangu," aliniambia kwenye simu. "Na mama watoto ameketi hapo anaangalia."

Nikamwambia aje.

Alinizidi miaka mitano. Tulipokuwa wadogo kule Kitui, baba alikuwa na mifugo na alikuwa na watoto wawili wa kiume, na mifugo haijichungi. Nilipofika umri wa kuanza darasa la kwanza, yeye alikuwa la sita, tena hodari wa hesabu. Baba alisema mmoja wetu atabaki na mbuzi. Ndugu yangu akasema atabaki yeye, kwamba ameshajua kusoma vya kutosha na mimi sijui hata a. Mimi nikasoma mpaka kidato cha nne. Hakuwahi kunikumbusha jambo hilo, si kwa utani wala kwa hasira. Afadhali angenikumbusha. Mtu akikukumbusha unaweza kujitetea.

Darasa lilikuwa la siku tatu na wanafunzi watatu: yeye, wakili mmoja mwanamke kutoka Wote, na bwana mwenye duka la saruji na mabati. Asubuhi ya kwanza ndugu yangu aliingia uwanjani amevaa koti la kanisani, akasimama mbele yangu, visigino pamoja.

"Afande, nikupigie saluti ama nikusalimie?"

"Vua koti, mzee, na usimame pale kwenye mstari."

"Mzee ni nani hapa? Huyu," akawageukia wenzake, "nimembeba mgongoni akiwa na kamasi. Leo ananiambia pa kusimama."

Walicheka, na mimi nikacheka. Kisha nikampa bastola isiyo na risasi nimwone anavyosimama. Aligeuka ubavu. Bega la kushoto lilielekea shabaha, uzito wote ukakaa kwenye mguu wa nyuma, kifua kikafunguka, kidevu kikapanda. Nilimwona baba yetu.

Sisi tulikua na uta. Kila nyumba kwetu ilikuwa na mtu aliyejua uta, na nyumbani kwetu mtu huyo alikuwa baba. Ukivuta uta huegemei mbele, unarudi nyuma, unajifungua kama mlango. Na mshale ukishaondoka, mkono ulioshika uta lazima ulegee. Ukiung'ang'ania, unaupinda, na mshale unakwenda kwa jirani. Kwa hiyo kila mara tulipoachia mshale baba alisimama nyuma yetu akisema, "Eka." Ni neno la Kikamba la kuacha, kuachilia. Eka. Ukikaza mkono, kijiti chake kilikushukia kwenye kifundo. Ndugu yangu aliipata mapema sana ile eka. Alikuwa hodari kuliko vijana wote wa upande wetu, na mshale ukitoka, kiganja chake kilifunguka taratibu, uta ukageuka wenyewe mkononi kama kitu kinacholala. Mimi nilikwenda shule, nikabaki mpiga uta wa kubahatisha. Nilipopewa bunduki chuoni, mkono wangu haukuwa na mazoea yoyote ya kuondoa. Wa kwake ulikuwa umejaa.

Miguu yake tuliibadilisha asubuhi ile ya kwanza, ingawa ilituchukua mpaka saa sita. Wakili alikuwa ameshika msimamo kwa nusu saa tu na alikuwa na muda wa kumchokoza.

"Mzee, hapa hakuna swara wa kunyemelea. Ni karatasi tu hiyo."

"Mama, wewe una bahati. Hukuzaliwa na baba yangu."

Jioni alikuwa anasimama vizuri kuliko wote wawili, amejisukuma mbele, magoti laini, visigino vyepesi. Nilijivunia. Mkono ndio uliokataa.

Bastola ikilipuka, sehemu yake ya juu hurudi nyuma kwa nguvu, hutupa nje ganda lililokwisha kazi, kisha husonga mbele ikibeba risasi nyingine. Lakini ili irudi nyuma mpaka mwisho, lazima iwe imeshikwa na kitu kigumu. Kifundo kikilegea wakati ule ule wa mlipuko, bastola nzima inarudi na mkono, ile sehemu ya juu inachoka katikati ya safari, na ganda linanaswa mlangoni. Imekwama. Unabonyeza na hakuna kitu. Bastola nzuri yenye risasi nzuri hukwama kwa ajili ya mkono tu.

Siku ya kwanza ilimkwama mara nyingi. Nilimkwamulia, nikamwonyesha, nikasimama ubavuni na kukishikilia kifundo chake kwa mkono wangu. Nikiwa nimemshika, haikukwama. Nikimwachia, risasi ya tatu au ya nne, kile kifundo kilifunguka polepole, kwa adabu kabisa. Siku ya pili nilisimama karibu zaidi, nikaona midomo yake inasogea.

"Unasema nini ukifyatua?"

"Sisemi kitu."

"Unasema eka."

Alishusha bastola ikaelekea chini, kama nilivyomfundisha. Akaiangalia shabaha kwa muda.

"Basi huyo ni mzee wetu," akasema. "Mwambie atoke, wewe ndiye alikuwa anakupenda."

Nilijaribu kila nilichokijua. Nilimfunga kifundo kwa kitambaa. Nilimpa chupa ya maji ya lita moja na nusu aishike mikono imenyooshwa mbele huku nikihesabu, na mwanaume yule wa zaidi ya miaka sitini alisimama juani mikono ikimtetemeka bila kulalamika. Nilimwambia aseme neno lingine. Alijaribu "shika". Alijaribu "kaza". Bwana wa saruji akamshauri aseme jina la mtu anayemdai, kwamba huyo hataachilia kamwe, na tukacheka sote. Ilisaidia kidogo. Siku ya tatu, katika mtihani wa risasi hamsini, bastola ilimkwama mara nne tu.

Kanuni yangu ilikuwa moja, nami niliitunga mwenyewe nikiwa bado polisi: bastola ikikwama mtihanini kwa sababu ya mkono, hata mara moja, mtu anarudia. Kwa kanuni hiyo nilikuwa nimewarudisha maofisa walionizidi cheo. Siku ile ile bastola ya wakili ilikwama mara moja, kwenye risasi ya arubaini na kitu, alipochoka. Nilimwambia arudi wiki inayofuata. Alikunja uso kidogo, akasema, "Sawa, mwalimu," akakusanya vitu vyake. Wiki iliyofuata alirudi, akapiga risasi zote hamsini bila tatizo.

Ndugu yangu alikuwa wa mwisho kuingia ofisini. Nilikuwa nimeshajipanga. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: ndugu yangu, njoo tena wiki ijayo, ulale kwangu, tufanye siku tatu nyingine. Si maneno mazito. Nilikuwa nimeyasema kwa watu wengi mno.

Akaketi, akatoa leso, akajifuta. Akaangalia meza, fomu, muhuri, kiti alichokalia.

"Unajua hii ni mara ya kwanza nakalia mtihani tangu darasa la sita?" Alikuwa anacheka. "Nimemwambia shemeji yako nikirudi bila karatasi asinifungulie mlango."

Nikatia alama.

Nilimwambia aendelee na mazoezi ya kushika nyumbani, kila siku, ile chupa ya maji. Akasema, "Nitafanya, mwalimu." Hakulisema neno lile kwa mzaha. Alinyanyuka akakunja karatasi mara mbili, akaiweka katika mfuko wa ndani wa koti, akanipa mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikasimama pale mpaka gari lake likapotea, na siwezi kuficha kwamba nilirudi ofisini nikiwa mwenye furaha. Niliona nimemlipa ndugu yangu kitu ambacho hakuwahi kukidai.

Leseni ilichukua miezi. Ilipotoka, na bastola ikanunuliwa, nilikuwa nimeshajisahaulisha. Nilikwenda Mwingi mara moja, katika ibada ya shukrani ya mtoto wao mmoja. Baada ya chakula ndugu yangu alinivuta kando, akafunua koti, akanionyesha pale kiunoni. Shemeji alituona.

"Siku hizi nina mke mwenza," akasema. "Wa chuma. Hapiki, hafui, lakini ndiye anayekwenda naye kila mahali."

"Huyu hana maneno mengi," ndugu yangu akajibu.

"Akisema neno moja tu, nitajua nimekwisha." Kisha akaniangalia, na hakuwa anacheka tena. "Shemeji, wewe ndiye ulimfundisha. Anaijua kweli?"

"Anaijua."

Palikuwa mchana, watu wamejaa uani, watoto wanagombania soda. Ningeweza kusema, shemeji, nimpeleke tena Malili siku mbili. Angenisaidia hata kumshawishi. Nikasema anaijua, nikaenda kutafuta maji ya kunawa.

Yaliyofuata aliyaona shemeji, si mimi. Nayaandika kama alivyonisimulia.

Walikuwa wanarudi kutoka mnadani, yapata saa nne asubuhi. Pikipiki iliwapita, ikasimama mbele, kama zile mara mbili. Vijana wawili. Ndugu yangu alisimamisha pikapu, akamwambia mkewe ainame chini ya dashibodi. Badala ya kungoja dirishani na mkoba, alifungua mlango akashuka. Mkewe hakuinama. Alimwona amesimama katikati ya barabara, mikono miwili mbele, magoti yamelegea. "Alisimama kama mtu anayesukuma kitu," alisema. Alifyatua mara moja. Vijana waliruka, mmoja akaanguka na pikipiki, si kwa kupigwa, kwa kushtuka. Wakati huo, alisema, walikuwa wanataka kukimbia, aliona machoni mwao. Ndugu yangu akabonyeza tena. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Kisha akaigeuza bastola akaiangalia, kama mtu anayeangalia saa yake aone imesimama saa ngapi. Yule aliyekuwa bado amesimama akampiga risasi mbili.

Mkoba hawakuuchukua. Waliinua pikipiki wakakimbia. Vitu vyote vilibaki ndani ya gari.

Katika kituo cha polisi nilipokelewa na ofisa aliyewahi kupita darasani kwangu. Alinipa pole, akanipa kiti, kisha akaniletea bastola ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ganda lilikuwa limenaswa pale linapotokea, limesimama wima.

"Ilikwama, mwalimu," akasema. "Labda ni risasi mbovu."

Alisema hivyo kwa wema. Aliniheshimu, na hakuweza kufikiri kwamba mtu niliyemfundisha mimi angeweza kuwa na mkono kama ule.

"Labda," nikasema.

Nilitoka pale nikatembea mjini, nikapita lori zilizoegeshwa, nikapita soko lote, nikarudi. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nilikuwa na neno "labda" mdomoni na lilikuwa chungu kama dawa iliyoyeyuka kabla ya kumezwa.

Siku mbili kabla ya mazishi nilimfuata shemeji nyuma ya jiko. Wanawake wa kanisa walikuwa wamemkataza kazi, lakini alikuwa amewashinda, ameketi kwenye kigoda na ungo wa ndengu mapajani, anachagua mawe. Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shemeji, nina jambo."

"Sema."

"Ile bastola haikuwa mbovu. Wala risasi."

Vidole vyake viliendelea kuchagua. Nikamweleza mkono. Nikamweleza uta, na baba, na siku tatu za Malili, na ile mara nne. Nilieleza vizuri sana, kama darasani, na nilipokuwa naeleza nilijisikia na nikajichukia. Aliposhika jambo, vidole vilisimama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku gani?"

"Tangu ya kwanza."

"Na ukaandika ameweza."

"Nikaandika."

"Siku ile hapa, niliposimama mbele yako nikakuuliza."

"Nilijua, shemeji."

Mtu alimwita kutoka mbele ya nyumba, hakuitika.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Niliona haya."

"Uliona haya." Alilirudia polepole. "Kazi yako yote ni kumwambia mtu hujaweza, rudia. Umewaambia watu maisha yako yote, wakubwa kwa wadogo. Wa kumwonea haya akawa huyo mmoja?"

Ni kweli, alikuwa huyo mmoja.

Akatikisa ungo, akapuliza maganda. Aliposema tena, sauti yake haikupanda. "Mara ya kwanza walimchukulia mkoba, akarudi nyumbani. Mara ya pili walimpiga kofi, akarudi nyumbani shavu limevimba, nikamkanda na maji ya moto, alilia kama mtoto na mimi nikamcheka kidogo ili anyamaze. Akarudi, unanisikia? Alikuwa hana kitu mkononi, akarudi. Ni karatasi yako iliyomshusha kwenye gari."

"Nisamehe, shemeji."

"Usiwaambie watoto. Nitawaambia mwenyewe."

Kisha akachukua ungo wake akaingia ndani.

Siku ya mazishi kulikuwa na karatasi ya ratiba iliyochapwa mapema, na pale kwenye historia ya marehemu palikuwa na jina langu. Nilikuwa nimeiandika historia ile mwenyewe, kurasa mbili. Muda ulipofika, mshereheshaji aliita jina la mtoto wa kwanza wa marehemu. Kijana akapita mbele yangu bila kunitazama, akazisoma kurasa zangu kwa kipaza sauti: kwamba marehemu alizaliwa Kitui, kwamba alisoma mpaka darasa la sita, kwamba alikuwa mpole na mchapakazi na mwenye utani. Alisoma vizuri. Nilisimama nyuma, nje ya hema, juani, pamoja na watu wa mbali waliokuja kwa kuwa wamesikia. Wakati wa kutia udongo kaburini nilisogea. Dada yake shemeji alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini, kwa heshima, "Baba, tafadhali. Wacha kwanza." Nikarudi nyuma.

Jumatatu yake nilikwenda kituoni nikamwambia yule ofisa kwamba ile labda haikuwa kweli. Nikaandika taarifa kwa mkono wangu. Alikuwa anaandika na yeye, akaweka kalamu chini, akaniuliza kama nina hakika nataka hilo liingie. Nikasema liingie. Mwenye uwanja wa Malili nilimwambia mwenyewe pia, na kibali changu cha ukufunzi kilichukuliwa, jambo lililokuwa haki. Watu waliowahi kusoma kwangu walinipigia simu kunifariji. Walisema ningefanyaje, alikuwa mkubwa wangu. Walisema siku yake ilikuwa imefika. Nimeshalisema neno hilo mimi mwenyewe katika vilio vya wengine, na sasa nalifahamu ni la nani: ni la yule anayetaka kuondoka mapema msibani.

Nimefikiri sana juu ya haya ile. Nilidhani ni heshima. Kwetu mdogo hamwambii mkubwa kwamba ameshindwa, hasa mkubwa aliyemwachia nafasi yake darasani. Lakini ndugu yangu hakuja kwangu kutafuta heshima, alikuwa nayo ya kutosha. Alikuja kwa sababu katika watu wote aliowajua, mimi ndiye niliyekuwa na kitu hiki kimoja, jicho la kuona mwili ukikosea na mdomo wa kusema. Alisafiri kutoka Mwingi mpaka Malili kulitafuta neno moja kutoka kwangu, nikamnyima. Ningemwambia "rudia", angenitania mwaka mzima. Angeniita afande mbele ya wajukuu. Angerudi wiki ile nyingine na koti lake, au angekasirika akaachana na bastola kabisa, akaendelea kuwapa vijana mkoba dirishani. Katika njia hizo zote mbili angekuwa hai.

Nimebaki Makueni, upande huu wa Malili. Mifugo sina, naishi na mke wangu ambaye haniulizi tena kwa nini siendi Mwingi. Watoto wa ndugu yangu walikuwa wakiniita baba mdogo, na kwa miezi mingi baada ya mazishi nilikuwa nikiwapigia simu Jumapili jioni, mmoja baada ya mwingine, ikiita mpaka ikakatika. Mara moja tu msichana wa mwisho alipokea.

"Baba mdogo," akasema, "mama anasikia vibaya tukiongea na wewe. Usipige tena."

"Sawa, mama," nikamwambia. Sijapiga tena.

Nilimpitisha ndugu yangu kwa kuwa niliona haya kumwambia hajaweza, naye akauawa barabarani na mkono ambao nilijua haujaweza. Alikuwa ndugu pekee niliyekuwa naye. Mke wake hataki kuniona, watoto wake si watoto wangu tena, na kaburi lake liko katika boma ambalo siruhusiwi kuingia.